Kiti cha Gari Kimelegea? Kitengeneze kwa Gharama Nafuu Bila Kuhatarisha Watoto

Kiti cha gari hakilegei siku moja. Huanza kwa kulia kidogo gari linapoingia shimoni, kisha huanza kucheza mtu anapokaa, na mwisho familia nzima hukizoea. Baba hutia kigingi chini yake, mama huweka mto mgongoni, na watoto hukigeuza bembea. Miezi hupita. Kwa kuwa gari linawaka na linatembea, ada za shule na mbolea hupewa nafasi ya kwanza, na kiti husubiri zamu yake.

Mama msomaji, si kwamba wazazi hawajali. Wengi hudhani kuwa kutengeneza kiti ni kazi ya fedha nyingi, kwa sababu wanafikiria kitambaa kipya, sponji mpya na mafundi wa mjini. Ukweli ni kwamba sehemu za kiti zinazolinda maisha ndizo mara nyingi zinazogharimu kidogo, na zile zinazogharimu zaidi ni za starehe tu. Jambo la kushika ni hili: kitambaa na sponji ni starehe, lakini bolti, reli na bawaba ni uhai. Mwenye fedha kidogo aanze na uhai.

BARABARA ZETU NA VITI VYETU

Hapa Mpanda, mji ambao tangu Machi 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, gari la familia hufanya kazi za kila namna. Leo linapeleka watoto shule, kesho linabeba mpunga kutoka Mpimbwe, keshokutwa linawachukua ndugu kwenda msibani Mwese au Mishamo. Likiacha lami na kuingia njia za vijijini, hukutana na changarawe yenye mawimbi mawimbi. Mtikisiko huo mdogo mdogo, saa baada ya saa, ndio unaofungua bolti polepole kuliko hata shimo kubwa. Bolti ikishalegea kidogo, kiti hupata nafasi ya kucheza. Kikicheza, hupanua tundu. Na tundu likipanuka, bati la sakafu hupasuka.

Adui wa pili ni maji. Kuanzia Novemba hadi Aprili tunaingia garini na matope miguuni. Maji hupenya chini ya zulia la gari na kukaa huko wiki nzima. Juu panaonekana pakavu, kumbe chini kutu inakula sakafu pale pale miguu ya kiti ilipofungwa.

Halafu kuna lami yenyewe. Tunashukuru kwamba leo mtu anaweza kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga au Tabora kwa mwendo mzuri. Lakini kiti kilicholegezwa na njia ya vumbi hakitupi hukumu yake kwenye njia ya vumbi, ambako tunakwenda polepole. Hukumu huja kwenye lami, siku ng'ombe anapokatiza ghafla na dereva kukanyaga breki kwa nguvu zote.

MZIGO UNAOBEBWA NA BOLTI NNE

Hebu tufanye hesabu ndogo. Gari likienda kilometa 50 kwa saa, kisha likagonga kitu na abiria wakasimamishwa ndani ya nafasi ya nusu meta, kila kilo ya mwili huvutwa mbele kwa nguvu ya kilo 20 hivi. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa huwa mzito kama magunia mawili ya mahindi ya kilo mia mia. Hakuna mikono ya mama, hata iwe na upendo kiasi gani, inayoweza kudaka magunia mawili yanayorushwa.

Kiti cha mbele chenyewe, kikiwa na uzito wa kilo 20, huvuta kama magunia manne. Tena katika magari mengi ya siku hizi kifungio cha mkanda, yaani pale unapochomeka ulimi wa mkanda, kimefungwa kwenye kiti hicho hicho. Maana yake, kiti kiking'oka, mkanda nao unalegea. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kuwa kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kufa ajalini kwa hadi nusu. Faida hiyo haiwezi kupatikana ikiwa kiti kinachoshika mkanda kimeshikwa na waya wa kufungia uzio.

Kwa dereva hatari ni nyingine. Kiti kikiteleza nyuma wakati wa kupanda mlima, miguu yake haifiki kwenye breki. Kikiteleza mbele anapofunga breki, kifua kinakwenda kwenye usukani. Yote haya hutokea kabla hata ya kugonga kitu.

PIMA MWENYEWE KWA DAKIKA KUMI

Kabla ya kwenda gereji, tafuta kwanza ugonjwa uko wapi. Anayejua ugonjwa hauziwi dawa asiyoihitaji. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, vuta breki ya mkono, fungua mlango na usimame nje. Shika kiti kwa mikono miwili, kisukume na kukivuta mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Mtoto mkubwa amulike tochi chini ya kiti. Angalia ni wapi panapocheza.

Kama miguu ya kiti inainuka kwenye sakafu, tatizo ni bolti au sakafu yenyewe.

Kama miguu imetulia lakini kiti kinakwenda mbele na nyuma juu yake, tatizo ni reli.

Kama makalio ya kiti yametulia lakini mgongo unayumba au unaanguka nyuma, tatizo ni bawaba ya mgongo, au fremu ya ndani imekatika.

Kama kila kitu kimetulia ila ukikaa unazama upande mmoja au chuma kinakuchoma, tatizo ni springi na sponji. Huo ni usumbufu, lakini unaweza kungoja mshahara.

Usisahau kiti cha nyuma. Vuta mgongo wake kwa nguvu uone kama komeo zake zimeshika pande zote mbili. Familia nyingi hupakia magunia na ndoo nyuma ya kiti hicho. Komeo moja likiwa bovu, siku ya breki ya ghafla mzigo wote huwaangukia watoto mgongoni.

BOLTI: DAWA YA BEI NDOGO KULIKO ZOTE

Kiti cha mbele mara nyingi hushikwa na bolti nne, mbili mbele na mbili nyuma. Sogeza kiti nyuma kabisa ili uzione za mbele, kisha mbele kabisa uzione za nyuma. Baadhi zimefunikwa kwa kifuniko cha plastiki kinachobanduliwa kwa mkono. Katika magari mengi ya Toyota, spana namba 14 ndiyo inayoingia.

Bolti iliyolegea tu, bila kuharibika, ifungue, ipanguse, iweke washa ya springi, kisha irudishe. Ianze kwa vidole, mizunguko mitatu au minne, ndipo uchukue spana. Ukianza na spana moja kwa moja, bolti inaweza kuingia upande na kuua nyuzi zake, na hapo kazi ya bure inageuka kuwa kazi ya fundi. Zikaze zote nne kidogo kidogo kwa zamu, kisha malizia kwa nguvu.

Ukimaliza, chukua rangi ya kucha uchore mstari mmoja mwembamba unaopita juu ya kichwa cha bolti hadi kwenye mguu wa kiti. Baada ya wiki moja ya safari za vumbi, angalia. Mstari ukiwa umekatika, bolti imeanza kuzunguka na inahitaji kukazwa tena. Chupa moja ya rangi ya kucha inatosha kulinda viti vyote kwa miaka.

Bolti ikiwa imepotea, usikubali bolti yoyote iliyookotwa kwenye kopo la gereji. Peleka mojawapo ya zile nzima dukani ukalinganishe unene, urefu na nyuzi. Bolti ya kazi hii iwe ngumu. Mara nyingi huandikwa 8.8 au zaidi kichwani. Msumari, nondo nyembamba, waya na mpira wa baiskeli si mbadala.

Kama bolti inazunguka tu bila kukaza, nyuzi za nati iliyo chini ya sakafu zimekufa. Hiyo ni kazi ya fundi. Atapasua nyuzi mpya au atachomelea nati mpya.

SAKAFU ILIYOLIWA NA KUTU

Inua zulia. Gonga bati kuzunguka mguu wa kiti kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Bati bovu hutoa sauti ya kopo lililooza au hutoboka. Kama kutu ni ya juu juu, isugue kwa brashi ya waya na msasa, pangusa, paka rangi ya kuzuia kutu, na uache ikauke kabisa kabla ya kurudisha zulia.

Kama limetoboka, usiridhike na washa kubwa iliyowekwa juu ya tundu. Fundi akate bati lililooza, kisha achomelee kipande cha chuma kinene, kipana kuliko kiganja, ili mzigo ugawanyike. Hapa ndipo pa kutumia fedha, hata kama kitambaa kitabaki na viraka.

Kuna tahadhari tatu ambazo mama anapaswa kuzisimamia bila aibu. Kwanza, mabomba ya mafuta hupita chini ya sakafu, na katika magari mengi madogo tangi lenyewe liko chini ya kiti cha nyuma; fundi aangalie kabla ya kuwasha moto. Pili, kiti, sponji na zulia vitolewe nje kwanza, kwa sababu moshi wa sponji inayoungua ni sumu. Tatu, betri itolewe waya, na mtungi wa kuzimia moto au ndoo ya mchanga iwe karibu.

RELI ISIYOSHIKA

Mara nyingi reli haijavunjika, imejaa uchafu tu. Punje za mahindi, mchanga, sarafu, kofia za kalamu na vijiti vya pipi huingia kwenye meno ya reli na kuzuia komeo lisizame. Safisha kwa brashi kavu, ondoa kila kitu, pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha paka grisi nyembamba sana. Grisi nyingi hukamata vumbi na kukurudisha ulikotoka.

Kisha hakikisha komeo linashika pande zote mbili. Achia mpini wa kusogezea, halafu sukuma kiti kwa miguu mbele na nyuma mpaka usikie mlio wa kushika. Upande mmoja ukishika na mwingine ukakataa, huenda waya unaounganisha komeo mbili umelegea au umekatika. Waya huo hurekebishwa kwa gharama ndogo.

Meno yakiwa yamelika, mafundi wengine hushauri reli ichomelewe isitembee tena. Ushauri huo tuukatae. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma kilichotengenezwa kuwa kigumu. Zaidi ya hayo, gari la nyumbani huendeshwa na zaidi ya mtu mmoja. Kiti kilichogandishwa kwa kipimo cha baba mrefu humfanya mama afikie breki kwa ncha ya vidole. Nunua reli iliyotumika, au kiti kizima kilichotumika.

MGONGO WA KITI UNAOANGUKA

Bawaba ya mgongo ina meno na springi ndani. Ikivunjika, watu huegemeza mgongo kwa kreti la soda au gogo. Gari likigongwa kwa nyuma, kreti halisaidii kitu. Dereva hulala chali na gari hubaki bila mwenyewe, na mtoto aliye nyuma huangukiwa. Bawaba haifai kuungwaungwa. Ibadilishwe.

Fremu ya bomba iliyopasuka ni jambo jingine. Hiyo inaweza kuchomelewa vizuri na fundi mzoefu, kitambaa na sponji vikiwa vimevuliwa, na kipande cha chuma kikiongezwa mahali palipopasuka. Dai uone kazi kabla haijafunikwa.

Magari mengi yaliyoagizwa kutoka Japani yana eabegi, yaani mifuko ya hewa inayofura ajali inapotokea, na mengine yanayo ubavuni mwa kiti. Ukiona waya zenye kiungio cha rangi ya njano chini ya kiti, usiziguse kabla ya kuzima gari, kutoa waya wa betri na kungoja dakika kumi. Usiwashe gari wakati kiti kiko nje. Na kiti chenye mfuko wa hewa ubavuni kisishonewe kava zito linalouziba.

SPONJI NA KITAMBAA: KAZI YA NYUMBANI

Hapa ndipo akina mama tunapoweza kuokoa fedha nyingi. Kiti kikishatolewa, kilaze juu ya mkeka. Fungua vishikizo vya kitambaa chini kwa plaizi, taratibu, na upige picha ya kila hatua kwa simu ili ujue namna ya kurudisha. Springi iliyochomoka irudishe kwenye ndoano yake. Juu ya springi tandika kipande cha gunia la katani, ukishone pembeni kwa shazia na uzi wa nailoni. Gunia hilo huzuia springi zisile sponji.

Sponji iliyobonyea usiitupe yote. Kata sehemu iliyokufa, jaza kipande kigumu cha sponji ya godoro kilichokatwa kwa kipimo, na ukibandike kwa gundi ya viatu. Sponji laini ya mto haifai. Itabonyea kabla ya mavuno. Kitambaa kilichochanika kitiwe kiraka kwa ndani kwanza, ndipo kishonwe kwa juu. Kitenge kinapendeza lakini huchakaa upesi. Turubai jepesi au kitambaa cha makochi hudumu zaidi.

KUZUNGUMZA NA FUNDI

Fundi mwema hachukii maswali. Mwambie kwa heshima: "Fundi, nimepima, naona panapocheza ni hapa. Naomba na wewe uangalie, kisha unitajie bei ya kila kazi peke yake." Bei ya jumla huficha mambo. Bei ya kazi moja moja hukuwezesha kuchagua ya leo na ya mwezi ujao. Omba urudishiwe bolti na vipande vya zamani. Kama unaweza kukitoa kiti mwenyewe na kukipeleka kwa fundi wa viti, utapunguza gharama ya ufundi.

Kwa vipuri, kumbuka kuwa Mpanda iko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Dar es Salaam. Kabla ya kuagiza kiti kilichotumika Kariakoo, Mwanza au Tabora, pima kwa futi umbali kati ya matundu ya bolti, upana na urefu, na utume picha. Uliza kama reli na kifungio cha mkanda vimo. Kiti kisichoingia kwenye matundu yako kitakugharimu nauli ya basi mara mbili. Ulizia pia gereji za hapa hapa; gari bovu lililolala uani huenda lina kiti unachokitafuta.

NA KITI CHA MTOTO JE?

Wapo wazazi wenye kile kiti kidogo cha mtoto kinachofungwa kwa mkanda juu ya kiti cha gari. Ni kitu chema sana, lakini hakiwi imara kuliko kiti kilichokibeba. Kwa hiyo kaza kwanza kiti cha gari. Kiti cha mtoto chenyewe kikipasuka plastiki, mikanda ikichanika, au kikiwa kimewahi kuwa katika ajali, usikiunge kwa gundi wala waya. Kwa mtoto kisitumike tena. Kitambaa chake kikichafuka, kifue. Hicho hakina neno.

MPANGO WA FEDHA KIDOGO

Kama fedha haitoshi yote, fuata utaratibu huu. Wiki hii kaza bolti zote na uchore mistari ya rangi. Mwezi huu shughulikia sakafu na kifungio cha mkanda. Mwezi ujao reli na bawaba. Sponji na kitambaa ngoja mavuno.

Wakati ukingoja, kiti kibovu kisikaliwe na mtu. Kikiwa ni cha dereva, gari lipumzike. Kikiwa ni cha abiria, kibaki kitupu, hata kama mmoja wenu itabidi apande bajaji au angoje safari ya pili. Watoto wakae nyuma, kila mmoja na mkanda wake, si wawili kwenye mkanda mmoja.

Jioni ya leo, kabla giza halijaingia, mwite mwanao achukue tochi, mkasukume viti vyote vya gari lenu kimoja kimoja. Huenda mkakuta bolti moja tu imelegea. Spana moja na dakika tano zinatosha kuikaza.